Ngumi Isiyowasha Bangili

Tangu kila mtu mzima avalishwe bangili inayowaka nyekundu akidanganya, mabondia waliacha kughilibiana. Ukitishia tumbo huku umelenga kidevu, bangili ilikuumbua kabla ngumi haijafika. Sikudhani, bondia wa Morogoro, alijifunza kwa miaka mitatu kurusha ngumi ya tumboni akiamini kwa moyo wote kwamba itafika, kisha kubadili nia ikiwa njiani.

Jumamosi hiyo, raundi ya nne, alirusha mbili za tumboni, zote za kweli. Kwa ya tatu mpinzani akashusha mikono kujikinga. Bangili haikuwaka. Ngumi ikapanda, ya kulia ikafuatia, na kidevu kikapata chake. Ukumbi ulirindima kwa vifijo.

Nyumbani, mumewe Kibwana alikuwa amempikia samaki. Chumvi ilizidi.

"Vipi, samaki mtamu?" Kibwana akauliza.

"Mtamu kweli," Sikudhani akajibu. Bangili haikuwaka.

Kibwana akacheka kwa furaha. Alikuwa hajawahi kusifiwa mapishi. "Na mimi je, bado wanipenda?"

"Nakupenda, mume wangu."

Wote wawili waliitazama bangili. Kibwana akatabasamu, akampakulia tena. Sikudhani alikula kwa raha ya ushindi, ila alijikuta akijiuliza kama jibu lile la pili lilikuwa la kweli, wala hakukuwa na wa kumuuliza.