Sikio la Kushoto

"Wale mbwa wa ng'ambo ya mto wametukatia ng'ombe. Tuwafuate!" Asubuhi Boke alipokea picha ya ng'ombe aliyekatwakatwa ikiwa na maneno hayo, akaituma kwenye makundi yote ya WhatsApp, akaongeza na tusi lake.

Mchana yowe liliposikika mtoni, aliifungua tena, akaivuta kwa vidole. Ng'ombe aliyelala kwenye damu alikuwa na mikato miwili katika sikio la kushoto. Baba yake ndiye aliyewatia alama hiyo ng'ombe wa mahari yake. Na huyu aliuawa na fisi mwaka juzi.

Akamwandikia mumewe: "Baba Wambura, rudini! Picha ni ya uongo."

Simu ya mumewe ikalia mezani. Ukutani, panga halikuwepo.