Nani Kanifumua?

Bi Mize alimsuka bintiye Riziki, akamjaza mafuta ya nazi kichwani. Hakutaka apelekwe kwa madaktari kama mtoto asiye na mwenyewe. Hospitalini, nesi alipomwona akasikitika.

"Pole mama, tiba ya umeme hupitishwa kichwani, haitaki mafuta. Mfumue, umwoshe."

Bi Mize akafumua huku machozi yakimtoka. Riziki, ambaye hakuwa amesema na mtu tangu mwezi wa Ramadhani, alikaa kimya kama gogo. Wakamchoma sindano ya usingizi, wakamtibu.

Alipozinduka, mkono wake ulipanda polepole hadi kichwani, ukapapasa.

"Mama," akasema kwa sauti ya kukwaruza, "nani kanifumua?"

Bi Mize akatafuta chanuo mkobani. Riziki akainamisha kichwa, akangoja.