Mmea wa Marehemu

Matanga yalipoanuliwa, Bi Tabu alikwenda dirishani kuutazama mmea wa jangwani wa marehemu mumewe. Tangu ujana wao haujazidi ngumi ya mtoto, na mume aliunywesha kwa kijiko, mara moja kwa mwaka. Akaugusa. Ulibonyea kama ndizi iliyooza, shina likacheza udongoni.

Jirani yake Zaina akaingia na kikombe cha maji.

"Pole, shoga. Msiba mzima tumekuwa tukiumwagilia kwa zamu, kila mmoja wetu, usije nao ukakuacha."

Bi Tabu akampisha dirishani.

"Mungu awalipe, shoga yangu. Mwaga tu."

Akaushikilia mmea kwa vidole viwili, usianguke, mpaka kikombe kikaishiwa maji.