Koti Kwenye Kiti cha Oleta

Kidole cha Oleta kiliganda kwenye daftari la zamani la mahudhurio ya ibada. Alikuwa akiandika historia ya chuo chao kidogo cha Wamethodisti, kule milimani Kentaki. Kumbe daftari lilisema kwamba majira ya baridi ya mwaka wake wa mwisho wa masomo hapo hakukosa ibada hata siku moja.

Ilhali hakukanyaga kanisani. Kila asubuhi alikuwa nyumbani akimuuguza mama yake, na aliyekosa mara tatu alifukuzwa chuoni.

Alilibeba daftari hadi kwa mwalimu wa hesabu, ambaye ndiye aliyekuwa akikagua viti vya wanafunzi kanisani, kila mmoja na chake. Sasa alikuwa mzee wa miaka tisini na mbili, ila ulimi bado wembe.

"Mwalimu, ulidanganya?"

"Koma, binti! Nidanganye kanisani? Sheria ilisema niandike viti vitupu. Chako hakikuwa kitupu."

"Alikaa nani?"

"Koti langu."

Oleta akakumbuka wenzake walivyomwigiza mwalimu akitetemeka ibada nzima na shati tupu, meno yakigongana. Walimwita bahili anayeogopa kuchakaza koti.

"Nami nilicheka, Mwalimu."

"Mama ulimuuguza mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Nilikuwa nimemshika mkono."

"Basi koti halikukaa bure."