Majani ya Bi Kanga

Bi Kanga alipanda majani marefu ya mapambo mbele ya nyumba yake, na kila mpita njia alisimama kuyasifu. Jirani yake, Mbuzi, akaona wivu. Kanga alipokwenda harusini, Mbuzi aliingia bustanini akayatafuna yote hadi karibu na mizizi, kisha akakaa pembeni kungoja kilio.

Kanga aliporudi, alipiga kigelegele.

"Huoni yamekwisha?" Mbuzi akashangaa.

"Yalikuwa yamezeeka, jirani! Yasipokatwa hayachipui vizuri, na mdomo wangu huu hauyawezi. Mungu akubariki!"

Mvua iliponyesha, yalichipua mazito kuliko kwanza. Watu wakasifu tena.

"Fundi wangu huyu hapa!" Kanga akawaambia.

Mbuzi aliinamisha kichwa kwa aibu, kisha akacheka mpaka ndevu zikatikisika.