Maji ya Kufuturu

Mehjabin aliinamisha dumu. Yakadondoka matone matatu. La nne likaning'inia mdomoni, halikutaka kushuka.

"Maji yako wapi?"

Jua lilikuwa linazama upande wa Bahi. Tende zilishatandazwa kwenye kitambaa, sambusa zimefunuliwa. Lita tatu za maji walizozipandisha kutoka Makutupora kwa ajili ya kufuturu hazikuwapo.

Angelina aliinamia tende, akaanza kuzipanga upya.

Walikuwa wanne juu ya mlima ule. Tahira, mwenye duka la vitambaa mjini. Mehjabin, binamu yake. Angelina, aliyeuza nao dukani na kucheka nao mwaka wa tano sasa. Na mzee Mazengo, mkulima wa chini ya mlima, aliyewaonyesha njia na kuwabebea dumu. Mwaka huu Ramadhani na Kwaresima zimegongana, na Angelina ndiye aliyejitapa tangu wanatoka mjini.

"Leo nafunga kama nyie. Hata tone."

"Wewe Kwaresima yako ina chai ya maziwa," Tahira alimtania.

"Utaniona."

Lakini mvua ilikuwa imekata wiki tatu. Mawe yaliwaka, vumbi la njia likawakaa kooni. Karibu na kilele Mazengo aliliweka dumu kwenye kivuli cha jabali, nao wakatawanyika kupiga picha. Tahira alirudi pale mara moja, kasahau miwani. Mehjabin naye akarudi, kiatu kinambana. Mwishoni Angelina alisema anafuata khanga yake.

Dumu lilikuwa jepesi kuliko alivyodhani. Alikunywa funda moja, alowanishe ulimi tu. Halafu la pili. Alipolishusha, hakuamini kwamba tumbo lake limeweza kubeba maji yote yale.

"Sisi watatu tumefunga," Tahira alisema sasa, polepole, bila kumtazama mtu. "Watatu wote tumefunga."

Hakuhitaji kuendelea.

Angelina alifungua mdomo aseme. Akaiona Jumatatu dukani, macho ya wenzake, kicheko kitakavyokuwa. Akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Mzee wangu, si ungetuambia tu kama una kiu?"

Mazengo alilitazama dumu, kisha akawatazama wao, mmoja mmoja. Mtama wake ulikuwa umekaukia shambani, na kibarua cha kuchuma zabibu kilikuwa kimekwisha. Mchana, uani kwake, Tahira alikuwa amemwahidi kumletea wageni wa kuwapandisha mlimani kila Jumapili baada ya Idi, na mkewe akapiga vigelegele mbele yao.

"Nisameheni, wanangu," alisema. "Jua lilikuwa kali."

Wakafungua kwa tende kavu. Sambusa hazikuguswa.

Kushuka, njia ilikuwa nyembamba, mwanga ungalipo. Mazengo alitangulia, dumu tupu likimgonga mgongoni. Mara Tahira akaharakisha, akamfikia. Angelina, aliyekuwa nyuma kabisa, aliuona mkono wa Tahira ukipanda na kushuka, maneno hayakumfikia. Anamfukuza kazi, aliwaza. Baadaye Tahira alisimama kando, akajipangusa uso kwa mtandio, akaacha wenzake wampite.

Akafuata Mehjabin. Huyu hakukawia. Aliongea ameinamisha kichwa, kisha naye akabaki nyuma, akijifanya anafunga kamba za kiatu.

Wamemmaliza mzee wa watu, Angelina aliwaza. Yale maji yalikuwa yakimcheza tumboni kila alipokanyaga, na kila yalipocheza alitamani mlima umfunike.

Bati la nyumba ya Mazengo likaonekana chini. Mkewe alikuwa amesimama uani, mkono kiunoni, akiwangojea wageni wake wa kila Jumapili. Angelina hakuweza tena. Alikimbia, mawe yakaporomoka miguuni pake.

"Baba!"

"Naam."

"Usimwambie mama kwamba kazi haipo. Nitasema mwenyewe, mbele ya wenzangu, wakinicheka wanicheke." Pumzi ilimwishia. "Maji nimekunywa mimi. Yote. Wao wamefunga kweli, mimi nikashindwa, halafu nikakusingizia wewe. Nisamehe, baba yangu."

Mazengo alisimama. Akalihamishia dumu bega la pili.

"Nawe tena?" alisema. "Basi wewe ni wa tatu."