Uwanja Nyuma ya Mashine ya Unga

Chumba cha Kitwana kilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga, chenye joto na vumbi la unga. Tangu ajali imvunje miguu, hakuwa amecheza mpira. Dada yake Mwashamba alimuundia kompyuta ya michezo kwa vipuri vya mitumba, akaifungia feni mbili kubwa, kisha akazifunika kwa mtandio wake mwepesi unaopitisha hewa ili vumbi lisipenye.

"Isije ikazimika kwa joto kama ile ya kwanza, dada."

"Washa tu."

Feni zilivuma. Uwanja wa kijani ulijaa kwenye skrini, na mchezo haukukwama. Kitwana alipiga chenga, akacheka kwa sauti.

"Nani huyu ananipa pasi?"

"Mtu wa mbali, yuko mtandaoni. Msalimie."

Kitwana alisogeza kipaza sauti mdomoni.